Nahama kutoka mkanda kwenda dijitali: kamera ipi itazikubali lenzi zangu za FM2?

Mnato_wa_Ujiji (Kigoma)

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Mimi ni mpiga picha wa huku mwisho wa reli. Studio yangu ni chumba kimoja pale Mwanga, nyumbani ni Ujiji. Nimepiga picha za mkanda wa filamu tangu ujana, na mpaka mwaka jana nilikuwa bado naupiga huku watu wakinicheka. Harusi zilishanikimbia siku nyingi, maana bibi harusi wa sasa anataka picha ziwe kwenye simu yake kabla pilau halijaisha. Lakini mahafali, Maulidi, ubatizo, na wazee wanaotaka picha ya kutundika ukutani, hao walikuwa wananitosha. Mikanda naagiza Dar, nikimaliza kupiga nafunga kwenye boksi, natuma kwa basi ikasafishwe. Sasa yule aliyekuwa ananisafishia amezima mashine, amefungua duka la vifaa vya simu. Na bei ya mkanda mmoja wa 36 nikimtajia mteja anadhani namtania.

Basi nimekubali, nahama.

Nilicho nacho ni kamera ya mkanda, Nikon FM2. Niliinunua kwa mzungu mmoja wa shirika la wakimbizi alipokuwa anafunga virago, enzi zile kambi za mkoa huu zimejaa watu wa Burundi na Kongo. Lenzi ni tatu, zote za kuzungusha kwa mkono: 28mm f/2.8, 50mm f/1.8 na 105mm f/2.5. Hiyo ya 105 siiuzi, hata aje nani. Flashi ni Vivitar 283 ya zamani.

Kijana wa duka moja hapa mjini aliniletea Nikon D3200 akaniambia, "Mzee, Nikon ni Nikon, lenzi zako zote zinaingia." Kweli ziliingia, tena kwa mlio mzuri. Lakini kamera ikawa kipofu. Mahali pa kuandika f, yaani ukubwa wa tundu la lenzi, inaandika vistari viwili, mwanga haipimi, na ukiiweka kwenye A, pale inapotakiwa kutafuta spidi yenyewe, inagoma hata kufyatua. Nikamrudishia.

Nataka kujua kamera ipi itazikubali hizi lenzi kwa kweli, siyo kuzibeba tu. Nina milioni moja na laki mbili. Nikibanwa sana nitafika moja na nusu. Mtumba sina shida nao. Video sipigi. Na naomba msinianzishie ubishi wa Canon na Nikon, nina umri wa kukosa subira.

La mwisho. Usiku wavuvi wa dagaa wakishatoka na taa zao, ukisimama upande wa Katonga unaona ziwa limewaka mpaka mbali. Kwa mkanda wa 400 sijawahi kuipata picha hiyo nikairidhia. Naambiwa dijitali inaiweza. Ni kweli au ni maneno ya wauzaji?

---

Chuma_cha_Kariakoo (Dar)

Shikamoo mzee wangu. Kwa hela hiyo chukua simu kali yenye megapikseli 108, achana na mizigo ya lenzi. Dunia imehama.

---

Mnato_wa_Ujiji

Marahaba mwanangu. Simu ninayo. Shida ni kwamba hata mteja anayo, sasa anilipe kwa kitu kilichomo mfukoni mwake?

---

Binti_Unyanyembe (Tabora)

Shikamoo baba. Mimi niko Tabora na nimepita njia hiyo hiyo. Nilijifunzia kwenye FM2 ya studio ya mjomba, nikaenda D7100, sasa niko kwenye D610. Nitaandika kirefu, unisamehe.

Yule kijana hakusema uongo wote. Mlango wa lenzi wa Nikon ni ule ule tangu mwaka 1959, ndiyo maana zinaingia. Lakini ukiichungulia FM2 yako mbele, pembeni mwa mlango wa lenzi kuna kijino kidogo kinachozunguka. Pete ya f ya lenzi inakisukuma, na hapo ndipo kamera inapojua umeweka f/4 au f/8. Mpango huo unaitwa AI, ulianza mwaka 1977. Kamera ndogo za dijitali za Nikon, yaani ukoo wote wa D3000 na ukoo wote wa D5000, hazina kijino hicho. Lenzi inaingia lakini hakuna wa kuiambia kamera chochote, kwa hiyo unabaki kwenye M, kila kitu kwa mkono, unakisia mwanga.

Zenye kijino ni D200, D300, D7000, D7100, D7200, na zote za fulufremu, yaani zenye sensa yenye ukubwa wa picha ya mkanda, kuanzia D700, D610, D750 hadi D800. Angalia mtego mmoja hapa: D7500 ni mpya kuliko D7200, lakini kijino wamekitoa. Mtu akikuuzia kwa kukwambia "hii ndiyo toleo la juu", mwache aongee. Na kwa kuwa FM2 yenyewe haipokei lenzi za kabla ya AI, zako tatu ziko salama.

Kwenye hizo nilizotaja, unaingia kwenye menyu, sehemu ya lenzi zisizo na chipu, unaandika mara moja tu: lenzi namba moja 28mm f/2.8, namba mbili 50mm f/1.8, namba tatu 105mm f/2.5. Kila ukibadilisha lenzi unaiambia kamera sasa natumia namba fulani. Inapima mwanga vizuri, na kwenye A unazungusha f kwenye lenzi kama ulivyozoea, spidi inatafuta yenyewe. Usisahau kubadilisha namba. Mwanga utapima tu, lakini taarifa za picha zitaandika lenzi nyingine na baadaye utajichanganya mwenyewe.

Sasa je, D7100 au fulufremu? Hapa ndipo watu wengi wa mkanda wanapopotezwa na bei. Sensa ya D7100, kile kipande kinachopokea mwanga badala ya mkanda, ni ndogo kuliko picha ya mkanda, inakata kingo. Zidisha kila lenzi kwa 1.5. Ile 105 inaona kama 157. Ukitaka kumpiga mtu aliyekaa, kichwa mpaka kiunoni, kwenye fulufremu unasimama kama mita mbili na nusu kutoka kwake, kwenye D7100 unahitaji kama nne. Pima chumba chako pale Mwanga kabla hujatoa hela. Mimi chumba changu kilinitoa nje mpaka kibarazani, nampigia mteja kupitia mlangoni.

Na kwenye 28 ndiko utaumia zaidi. Inakuwa 42, si pana tena, na ukoo wa bibi harusi wa Ujiji haujawahi kutosha ndani ya 42. Itabidi ununue 18-55 au 18-140 juu yake, na hapo unafuu wa bei umeshaondoka.

Kwa hiyo mimi nakwambia D610 ya mtumba. Ya mwaka 2013, megapikseli 24, ina nafasi mbili za kadi, lenzi zako zinabaki na macho yake yale yale. Usichukue D600, ndugu yake mkubwa. Ilijulikana kwa vidoa vya mafuta kwenye sensa, mpaka mwaka 2014 Nikon wenyewe wakatangaza kubadilisha shata, lile pazia la kufyatulia, bure. Iliyobadilishwa ni nzuri, ila utajuaje huku tuliko? D700 nayo ni chuma kweli, lakini inatumia kadi za CF, utazitafuta mpaka Kariakoo. Megapikseli zake 12 zisikutishe, picha ya ukutani ya inchi 12 kwa 8 zinaitosha na chenji inabaki.

Hiyo 105 una haki usiiuze. Ile picha ya msichana wa Afghanistan mwenye macho ya kijani, Steve McCurry aliipiga mwaka 1984 kwa FM2 na 105mm f/2.5. Vitu viwili unavyo, vilivyobaki ni juu yako, baba.

---

Kibirizi_Dijitali (Kigoma)

Mzee shikamoo, mimi jirani yako. Dada wa Tabora anasema kweli kuhusu lenzi ila kuna njia ya tatu. Tafuta Sony a7 ile ya kwanza, ya 2013. Fulufremu, megapikseli 24, haina kioo ndani, ukiweka adapta ya chuma ya bei ndogo lenzi yoyote duniani inakaa. Ukichungulia unaona picha jinsi itakavyotoka, na ukitaka kufokasi unabonyeza kitufe inakuza mpaka kope za mtu. Kwa mzee anayefokasi kwa mkono hii ni rahisi kuliko D610, kwa sababu D610 haina ile duara ya kukata picha mara mbili iliyopo katikati ya FM2. Umemficha hilo, dada.

---

Binti_Unyanyembe

Sijamficha, nilikuwa sijafika. Ni kweli duara ile haipo. Kuna kitone cha kijani chini ya tundu la kuchungulia, ukizungusha lenzi kinatulia pale ulipolenga pakikaa sawa. Kwa lenzi inayofunguka mpaka f/5.6 au zaidi kinafanya kazi, na lenzi zake zote ni angavu kuliko hapo. Kwa 105 ikiwa f/2.5, mteja akihema umeshakosa, hilo halitegemei kamera. Apige f/4.

Sony sina neno nayo ila betri. a7 ya kwanza imepimwa kama picha 340 kwa chaji moja, D610 ni 900. Umeme ukikatika katikati ya Maulidi utakuja wewe na jenereta?

---

Kibirizi_Dijitali

Betri nne, mfuko mmoja. Lakini sawa, kwa Maulidi nimekuelewa.

---

Mnato_wa_Ujiji

Marahaba wanangu wote, mmenifungua. Nimepima chumba: kutoka stuli mpaka ukutani ni hatua zangu tatu na kidogo. Kwa hiyo mjadala wa D7100 umeshafungwa na fundi aliyejenga nyumba.

Sony niliishika ya mtu juzi. Nzuri, lakini kuchungulia televisheni sikukupenda. Labda ni uzee.

Niulize la mwanga. Mkanda wa 200 mimi siku zote nauweka kama 100. Naupa mwanga wa ziada, rangi zinakaa, na aliyekuwa ananisafishia alikuwa anasifia negativu zangu kuwa nene. Je, kwenye dijitali niendelee hivyo? Na hii Vivitar yangu inaweza kukaa juu ya D610 bila kuiunguza? Nimesikia mambo.

---

Binti_Unyanyembe

Hapo ndipo pa kushika kwa mikono miwili, baba. Zaidi ya kamera utakayonunua.

Negativu ya rangi inasamehe mwanga ukizidi. Inakuwa nene tu, na wa mashine anaipitisha, gauni jeupe linarudi na nakshi zake. Ikikosa mwanga ndiyo inakufa. Dijitali ni kinyume chake. Nyeupe ikishazidi, sensa inafika kikomo na pale hakuna kitu tena, ni karatasi tupu; hakuna programu ya kurudisha nakshi ambayo haikuandikwa. Lakini kivuli, ukipiga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, unaweza kukiinua sana kwenye kompyuta na uso ukatokea. Ukiendelea na tabia yako ya kuongeza mwanga, kanzu zote za Maulidi zitakuwa matobo meupe.

Wewe umewahi kupiga slaidi, ule mkanda usiosamehe mwanga ukizidi? Ipimie dijitali kama slaidi. Linda kwanza nyeupe yenye maana.

Sasa sisi tunapiga watu weusi waliovaa nyeupe chini ya jua la saa sita, na huo ndio mtihani mgumu kuliko yote. Kamera ikiona kanzu nyingi inapunguza mwanga yenyewe, nyuso zinakuwa kiza. Ikiona nyuso nyingi na suti nyeusi inaongeza, shela linaungua. Mimi nafanya hivi: nawasha ile alamu ya nyeupe kwenye skrini, sehemu iliyozidi inapepesa nyeusi-nyeupe. Napiga moja, naangalia. Shela likipepesa napunguza theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kukata mwanga nusu), napiga tena. Ikipepesa taa ya barabarani au bati linalong'aa, naiacha iungue, haina mteja. Halafu nyuso naziinua nyumbani. Kama wanakubali, nawasogeza chini ya mwembe, na hapo nusu ya tatizo imekwisha bila kompyuta.

Usiamini mwangaza wa skrini yenyewe. Juani utaona picha ni kiza, usiku utaona inang'aa, na zote mbili ni uongo. Amini ile grafu, histogramu. Mlima wake ukigonga ukuta wa kulia umeshapoteza kitu.

RAW moja ya D610 ni kama MB 25 hadi 30, kwa hiyo andaa diski mbili za nje, moja ikae kwa ndugu. Programu ya kusafishia ipo ya bure, inaitwa darktable, haitaki malipo ya kila mwezi. Itakutesa mwanzoni. Ukumbuke tu kwamba yule wa mashine aliyekuwa anakusawazishia rangi hayupo tena, kazi yake sasa ni yako, na mteja umtoze kwa hiyo kazi.

Taa za dagaa: inawezekana, na sababu yake unaijua ukikumbuka mkanda ulivyo. Ukiuacha wazi sekunde nyingi unachoka, unazidi kuhitaji muda na rangi zinahama. Sensa haichoki namna hiyo. Halafu ISO, ile 200 au 400 ya mkanda, unaibadilisha picha kwa picha, huhitaji kumaliza 36 kwanza. Anza na 50mm, f/2.8, ISO 3200, sekunde moja, kamera kwenye stendi, uone. Mitumbwi inacheza juu ya maji, sekunde kumi zitakupa michirizi badala ya taa. Nenda jioni wakati mbingu upande wa Kongo bado ina bluu kidogo. Kukishakuwa kiza kabisa utabaki na nukta tu zinazoelea hewani.

---

Fundi_Kasulu (Kasulu)

Shikamoo mzee. Flashi nijibu mimi.

Vivitar 283 za mwanzo zinatoa volti zaidi ya 200 pale kwenye kiatu, inapokaa juu ya kamera. Nikon wanaandika kikomo cha volti 250 kwa kamera zao, kwa hiyo huenda uko ndani, huenda umepita. Ipime kwanza: iwashe ijae, weka mita kati ya pini ya katikati na ukingo wa chuma, isome DC. Na polariti, yaani upande wa chanya na hasi, iwe ya kawaida, isiwe hasi. Hata ikipita mtihani, usimwazime mwenye kamera ya aina nyingine, zipo zilizotengenezewa volti chache sana. Mimi ningeiweka kabatini ninunue flashi ya mkono ya kawaida kama Yongnuo YN560, bei yake si ya kuumiza, na haina hatari.

Kuhusu kununua D610 ya mtumba. Shata yake imepimwa kwa mipigo 150,000. Mwambie muuzaji akutumie picha moja ya JPEG iliyotoka kwenye kamera leo, isipite WhatsApp maana inafuta taarifa za ndani. Atume kwa baruapepe. Namba ya mipigo imo ndani ya faili. Chini ya 60,000 nenda, juu ya 120,000 shusha bei au achana nayo. Kisha apige ukuta mweupe kwa f/16 nje ya fokasi. Vidoa vya vumbi vinasafishika. Mkwaruzo hausafishiki.

Lenzi zako nazo zimulike na tochi kutoka nyuma. Unyevu wa ziwa unaota ukungu ndani ya vioo kama utando wa buibui, na ukungu ambao kwenye mkanda hukuuona, megapikseli 24 zitakuonyesha. Zihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu. Siyo kwenye begi la ngozi ulilopewa na yule mzungu, begi ndilo linafuga.

Kadi za SD za bei ya kutupwa ni feki. Imeandikwa GB 128, ndani ni 8, na itakubali picha zote za harusi bila kulalamika. Ijaze yote kwa programu ya H2testw kabla ya kazi, ikifeli mrudishie. Chukua mbili za GB 32 uziweke zote kwenye kamera, ya pili iwe nakala ya ya kwanza.

---

Mnato_wa_Ujiji

Fundi, begi hilo umelijuaje? Nimemulika sasa hivi. 50 ina utando pembeni, 28 na 105 safi. Nitakuletea hiyo 50 nikija Kasulu.

Kuna D610 moja Dar, muuzaji ni mtu binafsi, kanitumia faili kama ulivyosema, inasoma elfu arobaini na kitu. Anataka moja na laki tatu na nusu, na chaja. Mpwa wangu anakuja huku na treni wiki ijayo, anaweza kuibeba. Hofu yangu ni moja: yeye hajui chochote cha kamera, na mimi nikiipokea hapa Kigoma, hela imeshakwenda.

---

Binti_Unyanyembe

Baba, mwambie mpwa alipe nusu Dar, nusu nyingine itumwe kwa simu nikishaiona. Treni inasimama hapa Tabora muda wa kutosha. Nitakuja stesheni na lenzi yangu moja ya AI, stendi siihitaji, nipige f/16 kwenye ukuta wa stesheni, nijaze kadi zote mbili, nisikilize shata. Ikiwa na tatizo mpwa wako anarudi nayo Dar kwa treni.

Na yeye asiitoe kwenye begi kumwonyesha kila mtu behewani.

---

Mnato_wa_Ujiji

Mungu akuzidishie, binti. Namba ya behewa na simu yake nakutumia pembeni. Dagaa nitakutumia wa Kigoma wenyewe, siyo wale mnaouziwa huko.